Vipimo vya Anga katika Nyanda za Juu Kusini: Tokea Kipimamvua hadi Miali ya Leza

Historia ya nchi aghalabu huandikwa kwa habari za watu, vita na tawala. Habari za hewa iliyo juu ya watu hao huachwa, kana kwamba yenyewe haina historia. Walakini hewa nayo ina historia ya namna mbili. Ya kwanza ni historia ya mageuzi yake yenyewe, mwaka hata mwaka. Ya pili ni historia ya jinsi wanadamu walivyojifunza kuitazama, kuipima na kuitaja. Madhumuni ya makala haya ni kueleza hiyo ya pili kama ilivyotukia katika Mbeya na Iringa, na kuonyesha kwamba vipimo na maneno vimesafiri pamoja: kila mara chombo kipya kilipoletwa, lugha ilidaiwa neno, na kila mara neno lilipotumiwa pasipo kipimo chake, maana yake ilipotea njiani.

Yafaa kuanza na nchi yenyewe. Mji wa Mbeya umejengwa katika kimo cha meta 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa katika meta 1,600 hivi. Mlima Rungwe wafikia karibu meta 2,960. Katika nchi hii mvua huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au Mei. Kisha hufuata kiangazi kirefu chenye baridi na vumbi. Lakini mvua hiyo haigawanyiki sawasawa hata kidogo. Tukuyu, ulioko upande wa Ziwa Nyasa, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ambapo mji wa Iringa haupati hata nusu ya kiasi hicho, na Ismani, kaskazini ya Iringa, ni nchi ya ukame unaojulikana sana. Sababu ni milima. Upepo uliochukua maji ukikutana na mlima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa hauwezi kuyashika tena maji yote uliyoyachukua, nayo huanguka upande ule ule. Upande wa pili hupata upepo mkavu.

Hapa lugha yatoa ushahidi wake. Upepo unaopanda Rungwe mwishoni mwa majira ya mvua, ukitoka kusini-mashariki na kupita juu ya Ziwa Nyasa, ni wa jamii moja na ule ambao mabaharia wa pwani waliuita kusi. Kutokana na jina la upepo huo Waswahili walipata jina la upande wa dunia, yaani kusini, kama walivyopata kaskazini kutokana na kaskazi. Basi mtu asemapo “Nyanda za Juu Kusini” hutaja upepo bila kujua, na upepo wenyewe ni mmojawapo wa zile ziletazo mvua katika nchi hiyo.

Kabla ya kuja kwa vyombo, watu wa nchi hii walikuwa na elimu yao ya mvua. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti katika Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza habari za Lwembe na msitu wa matambiko wa Lubaga, na jinsi mvua ilivyoambatana na heshima ya watawala na amani ya nchi. Habari za matambiko hayo zilichapishwa katika kitabu cha Monica Wilson cha mwaka wa 1959. Lakini haikuwa matambiko tu. Kulikuwapo pia kutazama. Katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2010, Ladislaus Chang’a, Pius Yanda na James Ngana walikusanya dalili ambazo wakulima wa wilaya za Rungwe na Kilolo huzitumia kutambua majira yajayo: kuchanua mapema na kwa wingi kwa miti ya mihemi na mikwe tokea Julai hadi Novemba ni dalili ya mvua njema, na mwenendo wa ndege aitwaye dudumizi ni miongoni mwa dalili zinazosadikiwa kuliko zote. Elimu hii isidharauliwe. Mti unaochanua wakati wa kiangazi hupokea habari za joto na unyevu kwa mizizi na majani yake, nao ni chombo cha kupimia kwa namna yake. Upungufu wake ni mmoja tu: hauandiki hesabu. Mkulima wa Rungwe hawezi kumpelekea mwenziwe wa Kilolo kuchanua kwa mhemi ili vilinganishwe.

Vyombo vyenye hesabu vililetwa na Wajerumani. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika katika nchi ya Rungwe mwaka wa 1891, mwaka ule ule ambao Wahehe waliwashinda askari wa Kijerumani kule Lugalo. Ngome ya Mkwawa ya Kalenga ilitekwa mwaka wa 1894, na mji mpya wa Iringa ukaanzishwa na Tom von Prince mwaka wa 1896. Utawala huo mpya ulitaka kujua mahali panapofaa kwa mashamba, na kwa ajili hiyo ulihitaji hesabu za mvua na joto. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi ya vipimo katika koloni zima iliongozwa kutoka Dar es Salaam na Carl Uhlig, na hesabu za makoloni ya Kijerumani zilichapishwa Berlin katika jarida lililohaririwa na Alexander von Danckelman. Hivyo mvua iliyoanguka Afrika ya Mashariki ikawa tarakimu katika vitabu vya Ulaya, wala si katika vitabu vya lugha yoyote ya wenyeji walionyeshewa na mvua hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ilipita mikononi mwa Waingereza. Mwaka wa 1929 iliundwa idara moja ya hali ya hewa kwa nchi za Afrika ya Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Albert Walter. Mwaka uliofuata, 1930, ilianza kazi Kamati ya Lugha ya nchi hizo hizo, ambayo madhumuni yake yalikuwa kusanifisha Kiswahili. Yaelekea kwamba mambo haya mawili hayakukutana kwa bahati tu. Serikali zilizotaka kitabu kimoja cha shule kwa nchi nne zilitaka pia ramani moja ya mvua kwa nchi hizo. Kipimamvua chenye mdomo wa upana mmoja kila mahali, kinachosomwa saa moja kila siku, ni usanifishaji wa namna yake. Bila hilo, milimita ya Mbeya isingekuwa sawa na milimita ya Mombasa. Lakini idara ya hewa iliandika kwa Kiingereza, na kamati ya lugha ilishughulika zaidi na tahajia na vitabu vya shule. Kazi hizo mbili zilikaa miaka mingi kama majirani wasiotembeleana.

Jambo lililoharakisha vipimo katika Mbeya lilikuwa ndege. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka wa 1927, zama za dhahabu ya Lupa. Mwaka wa 1932 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya kutoka London hadi Cape Town, na Mbeya ikawa mojawapo ya vituo, baina ya Dodoma na Mpika. Mkulima hutosheka kujua mvua iliyoanguka. Rubani sharti ajue mambo yaliyo juu, yaani mawingu yapo kimo gani, upepo waelekea wapi, na ukungu utaondoka saa ngapi. Kwa hiyo macho ya wapimaji yaliinuliwa kutoka ardhini. Mwaka wa 1937 ndege kubwa za shirika hilo zilihamishiwa njia ya pwani, lakini swali la ukungu halikuhama. Kiwanja kipya cha Songwe kilichofunguliwa Desemba 2012 kimeliendeleza: mara nyingi ukungu na mawingu ya chini yamezizuia ndege kutua huko, na wasafiri wamerudishwa walikotoka.

Ukungu ni maji yanayoonekana. Taabu kubwa zaidi ni maji yasiyoonekana. Kiswahili kina utajiri wa maneno kwa maji ya hewani: wingu, ukungu, umande, manyunyu, rasharasha. Kadhalika kina neno mvuke, ambalo mtu wa jikoni hulitumia kwa kile kinachopanda kutoka chunguni. Lakini wataalamu wa fizikia hueleza kwamba kile kinachoonekana juu ya chungu ni matone madogo mno ya maji, na kwamba mvuke halisi hauonekani kwa macho. Basi neno lilipochukuliwa na sayansi lilipewa maana mpya iliyo karibu kinyume cha ile ya zamani. Msomaji asiyetahadharishwa atadhani kwamba siku isiyo na wingu haina mvuke, na atakosea.

Ukubwa wa jambo hili waweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo. Kama mvuke wote ulio juu ya dunia ungegeuzwa maji na kusambazwa sawasawa, kina chake kingekuwa milimita 25 hivi. Mvua ya dunia nzima, kwa wastani, ni milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mvuke hukaa hewani siku tisa au kumi tu, kisha huanguka na nafasi yake kuchukuliwa na mwingine. Basi zile milimita 2,000 na zaidi za Tukuyu haziwezi kuwa maji ya anga ya Tukuyu peke yake. Ni maji yaliyoletwa na pepo kutoka mbali, tokea bahari, ziwa na misitu. Kipimamvua huhesabu fedha zilizotolewa. Hakisemi hazina iko wapi wala imebaki kiasi gani. Tena karibu nusu ya mvuke wote wa anga hukaa chini ya kimo cha kilometa 2 hivi toka usawa wa bahari, na miji ya Mbeya na Iringa imekaa karibu na kimo hicho. Mgeuko mdogo wa kimo cha hewa yenye maji watosha kuleta tofauti kubwa kati ya bonde na bonde.

Kupima mvuke huo ulipo juu ni kazi iliyowashughulisha wataalamu muda mrefu. Horace-Bénédict de Saussure wa Uswisi alieleza mwaka wa 1783 chombo kinachotumia unywele wa binadamu, kwa kuwa unywele hurefuka ukipata unyevu. Baadaye zilitumiwa puto zinazopaa na vyombo vidogo na kupeleka habari kwa redio. Njia ya tatu ni nuru. Mwaka wa 1930 E. H. Synge wa Ireland alipendekeza kwamba taa kubwa zielekezwe mbinguni, na nuru inayorudi ipimwe ili kujua uzito wa hewa ya juu. Baada ya Theodore Maiman kuunda leza ya kwanza mwaka wa 1960, wazo hilo lilipata chombo chake: mwaka wa 1963 Giorgio Fiocco na Louis Smullin walipokea miangwi ya nuru ya leza kutoka anga ya juu. Chombo hicho huitwa lida, kwa mfano wa rada, ila rada hutuma mawimbi ya redio na lida hutuma nuru.

Utendaji wake waweza kufahamika bila hesabu nyingi. Lida hutuma mmweko mfupi mno wa nuru. Hewa, vumbi na matone huirudisha sehemu ndogo ya nuru hiyo, na saa ya umeme huhesabu muda uliopita. Kwa kuwa nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, mwangwi unaotoka kimo cha kilometa 15 hurudi baada ya sehemu moja ya 10,000 ya sekunde. Hivyo muda huonyesha kimo. Ili kujua ozoni, hutumwa nuru za aina mbili zilizo karibu karibu, moja ikiwa ni ile inayomezwa sana na ozoni na nyingine isiyomezwa sana. Nuru hizo mbili zikirudi hulinganishwa. Kadiri ile ya kwanza inavyopungua kuliko mwenzake, ndivyo ozoni ilivyo nyingi katika kimo hicho. Kwa mvuke hutumiwa pia njia nyingine, iliyotokana na ugunduzi wa C. V. Raman huko Kalkuta mwaka wa 1928: chembe za maji zikipigwa na nuru ya rangi moja hurudisha kiasi kidogo cha nuru ya rangi nyingine. Nuru ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 355 hurudishwa na mvuke ikiwa na nanomita 407 hivi, na na naitrojeni ikiwa na nanomita 387. Kwa kuwa kiasi cha naitrojeni hewani chajulikana, kulinganisha miangwi hiyo miwili hutoa kiasi cha mvuke. Kazi hii hufanyika vema zaidi usiku, kwa sababu mwangwi ni hafifu na jua huufunika. Wala leza haipenyi wingu zito. Katika majira ya mvua ya Mbeya, wakati habari za mvuke zinapohitajiwa kuliko wakati wowote, ndipo nuru huzuiwa.

Ozoni nayo ina habari yake. Ni oksijeni ya namna ya pekee, na sehemu kubwa yake hukaa juu sana, baina ya kilometa 15 na 35, ambako huizuia miali ya jua inayodhuru ngozi na macho. Kama ozoni yote ingeshushwa chini, unene wake ungekuwa milimita 3 tu, na katika nchi za joto pungufu ya hapo. Mwaka wa 1985 Joseph Farman na wenzake wawili walitangaza kwamba ozoni juu ya bara la Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua; mwaka wa 1987 ukatiwa sahihi Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka wa 1993. Lakini ozoni ikiwa karibu na ardhi ni sumu kwa mapafu na kwa mimea. Huko chini huzaliwa, pamoja na sababu nyingine, kutokana na moshi wa nyasi na misitu inayochomwa wakati wa kiangazi. Mtu aliyepita barabara ya Iringa hadi Mbeya mwezi wa Septemba ameuona moshi huo, ila ozoni iliyomo hakuiona. Misafara miwili mikubwa iliyochunguza moshi wa kusini ya Afrika, mmoja mwaka wa 1992 na mwingine mwaka wa 2000, ilipangiwa majina ya Kiingereza ambayo kifupi chake husomeka “safari”. Kiswahili kilitoa jina la kazi. Matokeo yakaandikwa kwa lugha nyingine.

Katika Afrika ya Mashariki kazi ya ozoni imeshika mizizi hasa Kenya. Tangu 1996 puto zenye vyombo vya kupimia ozoni zimerushwa Nairobi kwa ushirikiano na Uswisi, na mwaka wa 1999 kilifunguliwa kituo cha hewa katika Mlima Kenya. Lida kubwa za ozoni na mvuke ziko katika kisiwa cha Réunion, mahali paitwapo Maïdo, kwenye kimo cha meta 2,160 hivi, ambapo jengo la uchunguzi lilifunguliwa mwaka wa 2012. Kimo cha Maïdo kilichaguliwa ili leza ianzie juu ya hewa nzito ya pwani. Milima ya Mbeya na ya Rungwe inapita kimo hicho.

Kwa upande wa Tanzania, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 idara ya pamoja ya hewa nayo iligawanyika. Wakala wa Hali ya Hewa uliundwa mwaka wa 1999, na kwa sheria ya 2019 ukawa Mamlaka. Katika miaka ya 2020 Mbeya ilijengewa rada ya hali ya hewa. Rada huona matone ya mvua yaliyokwisha kuundwa. Mvuke ambao bado haujawa tone hauonekani kwake. Basi rada na lida si washindani, bali kila mmoja huona kile ambacho mwenziwe hakioni.

Yabaki sasa deni la lugha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka wa 1967, yalirithi kazi ya Kamati ya 1930, na mwaka wa 1990 ilitolewa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno kama angahewa, ozoni, leza na tabianchi yamezoeleka. Hata majina ya majira yamerekebishwa: masika na vuli ni majira ya pwani na kaskazini, ambako mvua huja mara mbili, kwa Mbeya na Iringa, ambako huja mara moja, matangazo husema “mvua za msimu”. Neno msimu lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya wakati wa pepo za kusafiria. Sasa limepanda mlimani na kuwa wakati wa kupanda mahindi.

Lakini neno moja lingali na hatari, nalo ni wastani. Tangazo likisema kwamba mvua zitakuwa za wastani katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, mkulima wa Tukuyu na mkulima wa Ismani husikia sauti moja. Wastani wa kwanza wajaza mito. Wastani wa pili hautoshi mahindi ila kwa bahati. Mtaalamu hajasema uongo, wala mkulima hajawa mjinga. Neno limetumwa bila kipimo chake. Na hasara yake ni kubwa. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji yake kutoka milima ya Mbeya na Njombe, kupita Usangu na kuingia Iringa, uliacha kutiririka wakati wa kiangazi katika hifadhi ya Ruaha mwaka wa 1993, na tangu hapo umekauka mara kwa mara. Wakulima wa mpunga, wafugaji, wanyama wa hifadhi, na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu hugombea maji hayo. Katika ugomvi wa namna hiyo kila mmoja hudai kwamba mvua zimepungua au kwamba mwenziwe amezidisha kuchota, na hakuna awezaye kuamua haki pasipo hesabu za miaka mingi, za mvua iliyoanguka na za mvuke uliopita bila kuanguka, zikielezwa kwa maneno ambayo wagombanao wote huyaelewa kwa maana moja.

Kwa hiyo kazi ya mpimaji na kazi ya mwanalugha katika Nyanda za Juu Kusini ni kazi moja yenye mikono miwili. Kipimamvua cha Wajerumani kilihesabu bila kuwaambia wenyeji. Dudumizi amewaambia wenyeji bila kuhesabu. Leza yaweza kuhesabu yale ambayo hayakupata kuonekana na ndege wala kipimamvua. Hesabu hizo zikibaki katika lugha ambayo mkulima wa Ismani haisomi, historia ya 1900 itakuwa imerudiwa kwa vyombo bora zaidi.